Msimbo uko wazi, draiva imefungwa: historia ya sasisho lisilofika

Leo nina hadithi ndefu kidogo, kwa hiyo jimiminie chai kwanza.

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu akiwa amekasirika. Programu ya benki yake ilikuwa imemwandikia kwamba simu yake ni ya zamani mno, na kwamba haitafanya kazi tena mpaka asasishe Android. Simu yenyewe aliinunua mwaka wa 2016. Haina mkwaruzo hata mmoja. Betri ilibadilishwa mara moja na fundi wa pale Luthuli Avenue, kamera inapiga picha safi, na redio inashika stesheni zote. Alipobonyeza pale pa kutafuta sasisho, simu ilimjibu kwamba tayari anatumia toleo jipya kabisa. Toleo hilo "jipya" ni Android 6.

"Wewe si ndiye uliyeniambia Android ni ya bure?" akaniuliza. "Kwamba msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuuchukua na kuurekebisha? Tulikulipia karo miaka minne. Basi irekebishe."

Nilienda nyumbani Jumamosi na kipakatalishi changu. Nikashinda mchana kutwa nikihangaika, na nusu ya Jumapili juu yake. Mwishowe niliipata Android mpya zaidi ikawaka katika simu ile. Skrini ilionyesha picha, programu zilifunguka, nikaanza kujisifu. Kisha Mama akajaribu kamera: giza tupu. Nikampigia: simu ikaita, akapokea, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Jioni nilimrudishia Android 6 yake, nikanywa chai kimya.

Kwa nini nilishindwa, ilhali msimbo wote wa Android uko kwenye mtandao na nilikuwa nao katika diski yangu? Jibu fupi ni neno moja: draiva. Jibu refu lina miaka zaidi ya arobaini, na ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Draiva ni nini hasa?

Kila kipande ndani ya simu, iwe ni skrini, kamera, spika au chipu ya michoro, kina lugha yake. Mfumo endeshi kama Android hauzijui lugha hizo zote. Kwa hiyo kunakuwa na programu ndogo kwa kila kipande, inayopokea amri za mfumo na kuzigeuza kuwa ishara ambazo kipande hicho kinazielewa. Hiyo ndiyo draiva.

Fikiria matatu. Gari umelinunua wewe, barabara ni ya umma, ramani unayo. Lakini gia za gari hili anazijua dereva mmoja tu, na amekataa kumfundisha mtu mwingine. Siku akiamua kustaafu, gari linabaki limeegeshwa hata kama injini ni nzima.

Yote yalianza na printa

Wengi hawajui kwamba harakati nzima ya programu huria ilianza kwa ugomvi juu ya printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa mwandishi wa programu katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani. Maabara ilikuwa na printa iliyokwamisha karatasi mara kwa mara. Stallman hakuweza kuizuia isikwame, lakini alikuwa na msimbo wa programu yake, kwa hiyo aliibadilisha iwatumie watu ujumbe kila ilipokwama, ili mmoja wao aende akaikwamue.

Baadaye Xerox waliipa maabara printa mpya ya leza. Ilikuwa na kasi kubwa, ila nayo ilikwama. Safari hii programu yake ilikuja bila msimbo, imekwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine ambayo binadamu haisomi. Stallman alimfuata mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa na msimbo huo, akamwomba nakala. Akakataliwa. Mtafiti yule alikuwa ametia sahihi mkataba wa kutotoa siri.

Mwaka wa 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka wa 1985 akaanzisha taasisi ya Free Software Foundation. Mwaka wa 1989 ilitoka leseni ya GPL, na toleo lake la pili likafuata mwaka wa 1991. Masharti yake kwa ufupi ni haya: chukua programu hii, itumie, ibadilishe, hata iuze ukitaka, lakini kila unayempa programu umpe pia haki ya kupata msimbo pamoja na mabadiliko yako.

Mwaka huohuo wa 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo endeshi kilichokuja kuitwa Linux. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya GPL. Kiini hicho ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android leo, ikiwemo ya Mama. Kwa hiyo mnaona mzunguko ulivyo: watu walikasirishwa na draiva iliyofungwa, wakaandika leseni ya kuizuia isirudi, na leseni hiyo iko mfukoni mwa kila mwenye simu. Draiva iliyofungwa ilipitia wapi, basi?

Ukuta mwembamba ndani ya Android

Kampuni ya Android ilianzishwa mwaka wa 2003, na Google wakainunua mwaka wa 2005. Tarehe 5 Novemba 2007 walitangaza muungano wa kampuni 34 za simu, chipu na mitandao, na mnamo Oktoba 2008 simu ya kwanza, T-Mobile G1 iliyoundwa na HTC, ikaingia madukani Marekani. Mwezi huohuo msimbo wa Android ukawekwa wazi.

Sasa tazama leseni. Kiini kilikuwa Linux, chini ya GPL, na hilo halikuweza kubadilishwa. Lakini karibu kila kitu kilichojengwa juu ya kiini kiliwekwa chini ya leseni ya Apache 2.0. Leseni hiyo nayo ni huria, ila haikulazimishi kutoa mabadiliko yako. Unaweza kuuchukua msimbo, ukaubadilisha, ukaufunga.

Katikati ya sehemu hizo mbili Google waliweka tabaka la kuunganisha Android na vifaa vya simu. Mwenye chipu aliweza kuikata draiva yake vipande viwili. Kipande kidogo kilikaa ndani ya kiini, na hicho ilibidi kiwe wazi kwa sababu ya GPL. Kipande kikubwa, chenye akili yote, kilikaa nje ya kiini kama faili la lugha ya mashine. GPL haikukifikia huko. Draiva ya michoro ilikwenda hivyo, ya kamera vilevile, na nyinginezo.

Je, lilikuwa kosa? Kwa upande wa biashara, bila mpango huo huenda watengenezaji wa chipu wasingejiunga kabisa. Soko la chipu za michoro lilijaa siri na hataza, na wakati mwingine aliyeunda chipu hakuwa hata mwenye michoro yake. Texas Instruments walitumia michoro ya kampuni ya Uingereza, Imagination. Qualcomm walinunua kitengo cha michoro ya simu cha AMD mwaka wa 2009, na jina la chipu zao, Adreno, ukizipanga upya herufi zake unapata Radeon, jina la kadi za michoro za AMD. Mtu hawezi kufungua msimbo ambao nusu yake ameukodi kwa jirani.

Hata hivyo, mpango huo uliacha tatizo moja, na lilihitaji miaka michache kuonekana.

Safari ya sasisho

Kiini cha Linux kina msimamo mmoja ambao wageni huushangaa. Namna draiva zinavyounganishwa na kiini kwa ndani hazina ahadi ya kudumu. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa Linux, aliandika waraka kueleza sababu, na waraka huo umo ndani ya msimbo wenyewe. Hoja yake ni kwamba wanaotunza kiini wanataka uhuru wa kukiboresha. Ukileta draiva yako wazi ndani ya kiini, wao wenyewe watairekebisha kila wanapobadilisha kitu. Ukikaa nayo nje, kazi hiyo ni yako.

Kampuni za chipu zilichagua kukaa nje. Zilichukua toleo moja la kiini, zikaongeza mamilioni ya mistari yao, zikaandika mafaili yaliyofungwa yanayoendana na toleo hilo hasa, zikawapa watengenezaji wa simu kifurushi kizima. Kisha wakageukia chipu ya mwaka ujao, maana huko ndiko kwenye fedha.

Kwa hiyo Google wakitoa Android mpya, haiji kwako moja kwa moja. Kwanza mwenye chipu atayarishe draiva zake upya. Halafu mwenye simu aunganishe draiva hizo na mapambo yake. Katika nchi nyingi kampuni ya mtandao nayo hujaribu kabla ya kuruhusu. Mlango wa kwanza ukifungwa, wote wanaofuata hawana la kufanya. Mwenye simu anaweza kuwa na nia njema na wahandisi mia, lakini kama draiva ya michoro haijaandikwa upya, simu yake imefika mwisho.

Hapa Kenya wengi wetu tulikutana na Android mwaka wa 2011 kupitia Huawei IDEOS, iliyouzwa na Safaricom kwa takriban shilingi 8,000. Wakati huo simu janja ilikuwa kitu cha wakubwa, na ghafla mwanafunzi wa chuo aliweza kuwa nayo. Ilikuja na Android 2.2. Aliyetaka zaidi ya hapo ilibidi awatafute watundu.

Watundu wa Cyanogen

Watundu hao walianza na ile G1. Mwaka wa 2009 Steve Kondik, Mmarekani aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Cyanogen, alianza kutoa Android aliyoirekebisha mwenyewe, akaiita CyanogenMod. Watu walifurika. Simu zilizosahauliwa na waliozitengeneza zilipata uhai mpya.

Mnamo Septemba 2009 mawakili wa Google walimwandikia barua. Hawakulalamikia msimbo wa Android, kwa sababu huo ulikuwa huria. Walilalamikia programu za Google zenyewe, kama duka na barua pepe, alizokuwa akizigawa ndani ya kifurushi chake. Suluhisho lilikuwa kutozigawa tena: mtu angezihifadhi kutoka simu yake mwenyewe kisha azirudishe.

Dawa hiyohiyo ndiyo iliyotumika kwa draiva. Ukitaka kuunda LineageOS leo, ambayo ndiyo iliyorithi CyanogenMod baada ya kufungwa mnamo Desemba 2016, kuna hati ndogo inayoitwa extract-files. Kazi yake ni kuingia katika simu yako, kuchota draiva zilizofungwa za kiwandani, na kuzibandika katika mfumo mpya. Ndivyo nilivyofanya kwa simu ya Mama. Nilikuwa nikiiambia Android mpya itumie draiva ya kamera iliyoandikwa kwa Android 6. Zikakutana, zikashindwa kuelewana.

Kwa hiyo hata watundu, pamoja na ujuzi wao wote, walikuwa wakiishi kwa akiba ya chakula kilichopikwa zamani. Waliweza kukipasha moto mara mbili au tatu. Kupika kipya hawakuweza.

Mwaka ambao Google wenyewe walikwama

Unaweza kudhani hili ni tatizo la simu za bei nafuu. Mwaka wa 2013 ulionyesha sivyo.

Galaxy Nexus ilitoka Novemba 2011. Samsung waliiunda kwa niaba ya Google, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwa na Android 4.0. Chipu yake ilikuwa OMAP 4460 ya Texas Instruments. Mnamo Septemba 2012 Texas Instruments walieleza kwamba wanaondoka katika biashara ya chipu za simu, na Novemba wakatangaza kupunguza wafanyakazi 1,700. Oktoba 2013 Google walitoa Android 4.4, na Galaxy Nexus ikaachwa nje ikiwa haijamaliza miaka miwili tangu izinduliwe. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba simu hupewa masasisho kwa takriban miezi 18. Lakini kila mtu aliona kwamba aliyepaswa kuandika draiva mpya alikuwa amekwisha kufunga duka. Watundu waliiweka 4.4 katika simu hiyo kwa kutumia draiva za zamani, na ilitumika, jambo lililowaudhi wenye simu hiyo zaidi.

Kisa cha pili kilitokea Agosti mwaka huohuo. Jean-Baptiste Quéru ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mradi wa msimbo huria wa Android ndani ya Google. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu wa nje akiuchukua msimbo ule, anaweza kuujenga na kuuwasha katika simu za Nexus. Tableti mpya ya Nexus 7 ilikuwa imetoka Julai ikiwa na chipu ya Qualcomm, na draiva zake za michoro hazikuruhusiwa kutolewa. Quéru akaachia ngazi. Alieleza hadharani kwamba haoni maana ya kutunza mfumo endeshi usioweza kufika hata kwenye ukurasa wake wa kwanza katika kifaa kikuu cha kampuni yake, kwa kukosa draiva ya michoro.

Mimi huwa nakifikiria kisa hiki sana. Mtu huyu alikuwa ndani ya Google na alikuwa na funguo zote za msimbo. Alikwama palepale nilipokwama mimi Jumapili ile.

Usiku wa Stagefright

Hadi hapo mtu angeweza kusema: kwani lazima niwe na toleo jipya? Ya zamani inanitosha. Julai 2015 jibu lilipatikana. Mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alifichua mianya katika Stagefright, ile sehemu ya Android inayochezesha video na muziki. Mshambuliaji aliweza kutuma ujumbe wa MMS wenye video iliyopikwa vibaya, na simu ikaingiliwa hata kabla mwenyewe hajaufungua. Zimperium walikadiria kwamba simu milioni 950 zilikuwa hatarini.

Hapa kuna jambo la kuchekesha na kuliza pamoja. Mwanya ule ulikuwa katika sehemu iliyo wazi kabisa ya Android. Dawa yake iliandikwa haraka, na kila mtu aliweza kuisoma. Kufika katika simu ndiko kulikoshindikana, kwa sababu dawa ilipaswa kupita katika milango ileile. Simu ambazo wenyewe walikuwa wamezifungia kitabu hazikuipata kamwe.

Kuanzia Agosti 2015 Google walianza kutoa taarifa za usalama kila mwezi. Mwaka uliofuata, Agosti 2016, watafiti wa Check Point walionyesha mianya minne katika draiva za Qualcomm, wakaiita QuadRooter, wakakadiria vifaa milioni 900. Sasa suala halikuwa tena toleo jipya lenye rangi nzuri. Lilikuwa fedha za watu, picha zao na barua zao. Ile programu ya benki iliyomkataa Mama haikuwa na kiburi; ilikuwa inaogopa.

Kampuni ndogo ya Amsterdam

Fairphone wa Uholanzi walianza kuuza simu mwaka wa 2013 wakiahidi simu itakayodumu. Simu yao ya kwanza ilitumia chipu ya MediaTek, na pamoja na nia yao njema, haikuvuka Android 4.2. Mwaka wa 2017 walitangaza kwamba hawataweza kuendelea nayo.

Fairphone 2 ilitoka Desemba 2015 ikiwa na Snapdragon 801 ya Qualcomm. Qualcomm hawakutayarisha draiva za chipu hiyo zaidi ya Android 6. Kwa kawaida hadithi ingeishia hapo. Badala yake, kampuni hii ndogo iliketi na msimbo wa wazi, ikategemea kazi ya jamii ya LineageOS, ikaipeleka simu hadi Android 7 mwaka wa 2018, kisha Android 9 mwaka wa 2021, na kuipitisha katika majaribio rasmi ya Google. Waliacha kuitunza mwaka wa 2023, baada ya miaka saba.

Nawapa heshima kubwa. Lakini tazama gharama: Android 9 iliwafikia wenye Fairphone 2 karibu miaka mitatu baada ya Google kuitoa. Fairphone 5 ya mwaka wa 2023 ilionyesha somo walilojifunza. Walichagua chipu ya Qualcomm iliyokusudiwa mashine za viwandani, si kwa sababu ni ya kasi sana, bali kwa sababu mwenye chipu anaitunza kwa muda mrefu. Wakaweza kuahidi masasisho hadi mwaka wa 2031.

Kuta zinahamishwa

Tangu 2017 mambo yamebadilika, kwa njia tatu tofauti.

Njia ya kwanza ni ya Google. Mei 2017 walitangaza Project Treble, iliyokuja na Android 8.0. Waliweka mpaka rasmi kati ya Android na draiva, kila upande ukae katika sehemu yake ya hifadhi, na lugha ya mazungumzo kati yao isibadilike ovyo. Hivyo Android mpya inaweza kukaa juu ya draiva za zamani bila kuzivunja. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba kiini cha Linux cha muda mrefu kitatunzwa miaka 6 badala ya 2. Na kuanzia Android 12, mwaka wa 2021, simu mpya zenye kiini 5.10 zilianza kutumia kiini kimoja cha pamoja, huku mambo ya kila chipu yakitengwa kama moduli. Angalia lakini: Treble haikufungua draiva yoyote. Ilimjengea yule dereva mkaidi chumba chake.

Njia ya pili ni ya watu wavumilivu kupita kiasi. Mwaka wa 2012 Rob Clark alianza kuchunguza chipu za Adreno kwa nje, akitazama ishara zinazoingia na kutoka, akaandika draiva huria iitwayo Freedreno. Wengine walifanya hivyo kwa chipu za Mali za ARM, na draiva zao, Lima na Panfrost, zikaingia rasmi katika Linux 5.2 mwaka wa 2019. Mradi wa postmarketOS, ulioanza mwaka wa 2017, unatumia kazi kama hizi kuwasha simu kwa Linux ya kawaida, ukilenga simu iishi miaka kumi. Sehemu ngumu zaidi ni kamera na modemu.

Njia ya tatu ni mikataba na sheria. Desemba 2020 Qualcomm na Google walikubaliana kwamba kuanzia Snapdragon 888 chipu zitatunzwa kwa matoleo zaidi na miaka minne ya usalama. Mwaka wa 2021 Google walianza kutumia chipu yao wenyewe, Tensor, na Oktoba 2023 wakaahidi miaka 7 kwa Pixel 8. Samsung walifuata Januari 2024 na miaka 7 kwa Galaxy S24. Tarehe 20 Juni 2025 kanuni za Umoja wa Ulaya zilianza kutumika, zikitaka masasisho ya mfumo endeshi yapatikane bure kwa angalau miaka 5 baada ya mauzo ya aina hiyo ya simu kukoma.

Sisi huku hatukutunga kanuni hizo, ila zitatugusa. Nenda katikati ya jiji uone ni simu ngapi zinauzwa kwa jina la "ex-UK". Simu ikimaliza maisha yake ya kwanza Ulaya, huanza ya pili kwetu. Tumezoea kuipokea ikiwa na mwaka mmoja wa masasisho uliobaki, au bila hata mmoja.

Nilichomwambia Mama

Nikiwa chuoni niliamini kwamba msimbo ukiwa wazi, mengine yatajipanga yenyewe. Leo siamini hivyo. Msimbo wa Android umekuwa wazi tangu 2008, na kwa miaka mingi simu nzima zimetupwa kwa sababu ya mafaili machache yaliyofungwa. Ni kweli bila msimbo ule Fairphone 2 ingekufa mapema, na Freedreno isingekuwa na mahali pa kukaa. Lakini miaka 7 ya Samsung haikuletwa na leseni. Ililetwa na kampuni za chipu kukubali, kwa mkataba, kuendelea kufanya kazi. Uwazi wa msimbo ulitupa haki ya kurekebisha, na draiva ndiyo iliyoamua kama tutaweza.

Nilimweleza Mama haya yote kwa mfano wa matatu. Akasikiliza, akauliza swali moja: "Kwa hiyo nilipoinunua, tarehe yake ya kufa ilikuwa imeshaandikwa?" Nikamwambia ndiyo, ila si kwenye boksi.

Wiki iliyopita tulikwenda kumtafutia nyingine. Ile ya 2016 sasa ni redio ya jikoni, na inafanya kazi vizuri. Dukani kijana alianza kutusomea: kamera megapikseli 50, betri kubwa, rangi tatu. Mama akamkatiza. "Hii itapata masasisho mpaka mwaka gani, na chipu yake ni ya nani?" Kijana akaniangalia mimi. Nikatazama pembeni. Ikabidi amwite mwenye duka.

Mwenye duka naye hakujua, tukatafuta wenyewe kwenye mtandao tukiwa tumesimama pale kaunta. Simu tatu za kwanza zilirudishwa kabatini. Ya nne ndiyo aliyoinunua.